Breki za Nyongeza

Hoza alikuwa ameshalipia gari lake la mbio, lakini Nassoro, tajiri wa magari kule Lushoto, akazuia kadi ya gari.

"Ulilipia gari tupu, bwana mdogo. Viti vya ngozi, redio, hata breki hizo za kisasa, vyote ni nyongeza. Hulipi, huondoki!"

"Sawa, tajiri. Twende tukalijaribu kwanza."

Wakapanda wawili, Hoza akaendesha. Kwenye mteremko wa kwenda Mombo gari likashika kasi.

"Kanyaga breki, wewe!"

"Breki si zangu, tajiri. Kutumia mali ya mtu bila ridhaa yake ni haramu."

"Nimekupa breki!"

"Na hivi viti nilivyokalia? Naogopa dhambi."

"Chukua vyote, bure!"

"Apa."

"Wallahi!"

Hoza akasoma Bismillahi taratibu, ndipo akakanyaga.