Jibu Lililotoka Uwani

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa kale, uliokuwa ukinywa maji ya mfereji mmoja, aliishi mchamungu aitwaye Zuheri bin Wadhahi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa msikiti mkuu na kuzirudia takbira za imamu, ili walioswali nje uwani wasipitwe. Ndani waliswali wenye mashamba na wafanyabiashara. Uwani, juani, wapagazi na watengeneza ngozi.

Ilikuwa ada ya mji huo kwamba liwali habadilishi jambo la umma mpaka awaulize waumini baada ya swala ya Ijumaa. Zuheri ndiye aliyelipeleka swali uwani na kulirudisha jibu. Kwa miaka ishirini alijibu, "Wameridhia," mara tu safu za mbele zilipoitikia. Mkewe, aliyekuwa akiswali uwani, alipata kumwuliza, "Baba Salma, hivi huwa unatusikia?" Naye alicheka tu.

Mkewe alikuwa na miezi mitatu kaburini, Ijumaa ile liwali alipouliza kama mfereji ugeuzwe uende kwenye bustani za juu. Mtaa wa watengeneza ngozi ungekauka. Safu za mbele zikasema, "Tumeridhia." Zuheri akafumbua kinywa; ndipo Ghalibu, mtengeneza ngozi, akamwita kutoka uwani: "Sheikh, harufu yetu huwafikia humo ndani kila Ijumaa. Sauti ndiyo haifiki?"

Watu wakacheka. Zuheri hakucheka. Akageuka, akatazama. Uwani wengi walikuwa wamesimama, wakisema, "Hatukuridhia."

"Haya, wanasemaje?" liwali akahimiza.

"Hawakuridhia, Bwana Liwali."

"Wangapi?"

"Sijui. Miaka ishirini nimewasemea, sijawasikiliza hata siku moja."

"Chunga ulimi wako. Nafasi hiyo nilikupa mimi."

"Ni kweli, na unaweza kuichukua. Lakini siwezi kushuhudia mbele ya Mola nisilolisikia."

Liwali akainuka, akapita kati ya safu, akatoka juani bila viatu, akawasikiliza mmoja mmoja hadi ilipoadhiniwa alasiri. Mfereji haukugeuzwa.

Watu walipomsifu Zuheri, aliwaambia, "Msinisifu. Niombeeni." Tangu siku ile, kila alipopeleka swali, alishuka ngazi hadi uwani, akangoja.

Ndugu zangu, anayepewa kuwasemea wengine amebeba amana, na amana hiyo huanzia masikioni. Zuheri aliitimiza ilhali watu wa uwani wangalipo. Aliyemwuliza kwanza hakuwapo kulisikia jibu lake. Mola awarehemu wote wawili.