Chungu cha Udongo wa Sultani

Hapo zamani, katika nchi ambayo watu wake walikula wali hata siku zisizo za sikukuu, palikuwa na sultani aliyeitwa Badrani. Sultani huyu hakupenda kutoka nje; alipenda kuitazama nchi yake dirishani. Na dirishani, masikini, hakuona ila mbuzi wa mpishi na nguo zilizoanikwa.

Ikawa siku moja akapata habari kwamba sultani jirani atakuja kumzuru baada ya mavuno. Akaona haya sana. "Akichungulia hapa," akasema, "atajua mimi ni sultani wa mbuzi!"

Basi akamwita Mwinchande wa kijiji cha Tondoni, fukara asiye na kitu ila ulimi, ambaye mkewe, Binti Ngwali, ndiye aliyekuwa mkuu wa wafinyanzi.

"Mwinchande, ni kweli kwamba vyungu vyote vya nchi hii vyatoka kwenu?"

"Ni kweli, Maulana. Hata kile kilichopikiwa wali wako wa jana."

"Basi nataka wafinyanzi wote wahamie hapa, chini ya dirisha langu, mgeni wangu awaone wakifanya kazi, na huko nyuma kisisalie kitu chochote cha kazi yao. Wakikataa, wewe nitakutia gerezani."

Mwinchande akainama, akaenda zake. Mkewe aliposikia habari ile alikaa chini akalia. Kwani katika nchi hiyo chungu hakikununuliwa kwa fedha. Mwenye kukitaka alikijaza mpunga, mpunga ukawa wa mfinyanzi, na chungu kikawa chake. Kwa hiyo wafinyanzi walikaa Tondoni, kati ya bonde la udongo na mashamba ya mpunga, na kwa kuwa palikuwa na vyungu na chakula, watu wakazidi kujenga hapo.

"Kule kwa Sultani ni mchanga mtupu," akasema Binti Ngwali. "Tutafinyanga nini? Na mkulima gani atatujazia vyungu? Watoto watakufa njaa, baba."

"Nyamaza, mama watoto. Amri ya Sultani itatimizwa. Tena itatimizwa mpaka imkabe kooni."

Asubuhi akarudi kwa Sultani, akasema, "Wafinyanzi wako tayari, Maulana. Lakini umesema kisisalie kitu cha kazi yao, nami ni mjinga, naogopa kukosea. Niazime askari wako."

Sultani akafurahi, akampa askari wote. Wakachimba udongo wa Tondoni, wakaubeba kwa makapu huku wakinung'unika, wakaumwaga chini ya dirisha hata rundo likafika kizingitini, na mbuzi wa mpishi akapanda juu yake. Kisha zikaja kuni na majani makavu, na wafinyanzi wakaanza kuchoma vyungu. Moshi ukaingia dirishani, Sultani akakohoa, na ndevu zake zikanuka kama samaki wa kubanika.

Alipokwenda barazani kupumua, alimkuta Mwinchande akipigilia vigingi na kuvuta kamba.

"Ewe! Wafanya nini hapo?"

"Napima njia ya mto, Maulana. Udongo haufinyangwi bila maji, na mto wa Tondoni ni kitu cha kazi yao. Utapita hapa kwenye kiti chako, ila nitajitahidi mguu mmoja wa kiti ubaki pakavu."

"Na baada ya mto?"

"Mashamba ya mpunga, kwani vyungu bila mpunga vitajazwa nini? Halafu wakulima, na wake zao, na kuku wao. Kuku nimewawekea chumba chako cha kulala, hakina upepo."

"Na huko nje kutabaki nini?"

"Hakuna kitu, Maulana. Nchi yote itakuwa humu ndani. Nadhani itakubidi wewe uhamie nje."

Sultani akamkodolea macho. Akakohoa tena, na kile kikohozi kikageuka kicheko.

"Mpuuzi wewe, umenishinda! Wafinyanzi na warudi kwao. Mgeni wangu nitampeleka mwenyewe Tondoni akaione nchi palepale ilipo. Nawe omba utakacho."

"Sitaki makubwa, Maulana. Chukua chungu kimoja tu cha mke wangu, kwa desturi yetu, ukijaze mpunga."

"Kimoja tu? Nimekubali, mbele ya hawa wote."

"Ahsante, Maulana. Atakifinyanga kwa udongo huu walioleta askari wako."

Sultani akageuka polepole, akalitazama lile rundo. "Wote?"

"Ndiyo amri yako, Maulana. Kisisalie kitu."

Basi wafinyanzi wakafinyanga chungu kimoja, na ikawa Binti Ngwali hupanda ngazi kulainisha mdomo wa chungu hicho. Sultani akafungua ghala, akakijaza, na Tondoni wakala mpunga ule hata mavuno mengine. Na mgeni alipofika akachungulia dirishani, kitu cha kwanza alichokiona ni mbuzi wa mpishi, amesimama juu ya ukingo wa chungu kikubwa kuliko nyumba, akitafuna nguo ya Sultani.