Ngwe ya Arobaini

Tumepokea kwa wakubwa wetu, nao wakapokea kwa waliowatangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba chini ya Basra, katika nchi ya chumvi, palikuwa na mja mwema akiitwa Raihani bin Abdillahi. Alikuwa mtumwa wa tajiri mmoja, Harbi bin Nasri, kwa miaka ishirini na miwili. Akahifadhi Kurani yote kwa kusikiliza tu huku akichimba, mpaka Harbi akaona haya kumpiga mtu mwenye Kitabu kifuani, akamwacha huru. Watu wa msikiti wa pale, ambao wengi wao walikuwa watumwa na vibarua, wakamfanya imamu na khatibu wao.

Lakini haya ya Harbi ilikuwa na kikomo. Mke wa Raihani, Lulua, na binti yao Sukaina, Harbi hakuwaacha huru. Walibaki nyumbani kwake, mama akisaga nafaka, binti akitumika jikoni. Na kila Ijumaa Harbi alikaa safu ya mbele, akasali nyuma ya mtu ambaye mkewe ndiye anayemsagia unga, kisha akarudi kwake akala akashiba. Mimi huyo simwelewi mpaka leo.

Raihani akamwendea akamwomba. Wakaandikiana mkataba mbele ya mashahidi: Raihani asafishe ngwe arobaini za ardhi ya Harbi kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya miaka minne, asipitishe mwisho wa Shaabani. Akimaliza, ataapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba ngwe zote ni tamu, na hapo hapo mke na binti wataandikiwa uhuru wao.

Asiyeijua kazi ile na aelezwe. Ardhi ya kule imevikwa ganda la chumvi, gumu kama ukoko wa sufuria. Mtu hulivunja kwa sururu, akalibeba kwa makapu mpaka pembeni, akachimba tena mpaka aukute udongo unaokubali shayiri. Kipimo chao kilikuwa ulimi. Mchimbaji huokota donge akalionja, na msimamizi akalionja, na wote wawili wakisema ni tamu, ngwe imekubaliwa.

Basi Raihani akachimba. Alisalisha Alfajiri akashika sururu, akaacha sururu akasalisha Adhuhuri. Siku za Ijumaa alipanda mimbari na mikono iliyopasuka, akaificha ndani ya kanzu ili watu wasikilize hotuba badala ya kumwonea huruma. Huko nyumbani kwa Harbi, kifua cha Lulua kilikuwa kimeanza kubana kwa vumbi la unga. Kila mwaka alikohoa zaidi, na kila mwaka Raihani alizidisha mwendo.

Katika mwezi wa Shaabani wa mwaka wa nne akaimaliza ngwe ya arobaini. Akaonja, ikawa tamu. Msimamizi, mzee aliyekula chumvi ya nchi ile miaka thelathini, akaonja, akasema, "Tamu." Ikaahidiwa kwamba siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri, waraka utaandikwa.

Jumapili Sukaina akamletea baba yake chakula. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, na furaha ilikuwa imemjaa hata hakai mahali pamoja. Akaokota donge katika ngwe ile, akalitia kinywani kama alivyomwona baba yake akifanya. Akatema.

"Baba, mbona hii ina chumvi?"

Raihani akaonja, hakusikia kitu. Akaenda hatua kumi, akaonja tena, hakusikia kitu. Akamwonjesha binti udongo wa ngwe ya jirani.

"Na huu?"

"Huo mtamu."

Hapo akafahamu. Chumvi ilikuwa imemuua ulimi bila yeye kujua, na ulimi wa msimamizi ulikufa zamani. Zile ngwe za nyuma zilikwisha kuota shayiri, hazina shaka. Hii moja ilikuwa na tabaka jingine la chumvi chini, naye alisimama juu yake akadhani amefika. Na aliyeahidiwa kuilima ni Bi Hunaida, mjane mwenye mayatima wanne, ambaye alikuwa amejinyima chakula ili abakishe mbegu.

Raihani akaenda mpaka kwenye jiwe la kusagia, akamweleza mkewe. Lulua akaacha kusaga.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi apa, Baba Sukaina. Si ulimi wako ulikwambia ni tamu? Utakuwa umeapia ulichoonja. Tukishaandikwa, uhuru haufutiki. Ijumaa tutakwenda sote watatu tukaichimbe, na Hunaida mimi nitamsihi asubiri."

"Nilipoonja nilikuwa sijui. Sasa najua."

"Mimi sina mwaka mwingine ndani ya kifua hiki," akasema Lulua. Naye alisema kweli.

Siku nne alikaa na jambo hilo, akisalisha watu na moyo wake hauko pale. Alhamisi ikafika. Mashahidi wakakaa, Harbi akachovya kalamu, Lulua na Sukaina wakasimama mlangoni wamejitanda nguo walizozifua kwa siku ile.

"Apa, Sheikh, tumalize," akasema Harbi.

Raihani akasema, "Ngwe ya arobaini ina chumvi chini."

"Msimamizi wangu ameikubali. Nani aliyesema ina chumvi?"

"Nasema mimi."

Msikilizaji atadhani tajiri aliguswa, akalia, akawaacha huru wote. Harbi hakuguswa. Aliipangusa kalamu akaiweka kando. "Basi mkataba haujatimia. Kachimbe, Sheikh, Shaabani haijaisha."

Lulua hakusema na mumewe siku tatu. Siku ya nne akamwita mlangoni akamwambia, "Nimekusamehe. Lakini usije ukawaambia watu kwamba lilikuwa jambo jepesi." Kisha akarudi kwenye jiwe lake.

Tabaka la chini lilikuwa nene kuliko la juu. Sukaina alikuja kila mchana kumwonjea baba yake, maana ulimi wake ndio uliokuwa hai. Ikawa bado siku moja tu ya kazi, Lulua akaanguka juu ya jiwe la kusagia kabla ya Adhuhuri, asiinuke tena. Akafa kijakazi wa Harbi.

Raihani mwenyewe ndiye aliyemsalia. Harbi akaja, akasimama mbele ya jeneza, na safari hii uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Shuhudieni. Namwacha Lulua huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

Raihani akamwambia, "Maiti haachwi huru, bwana. Mwenye kummiliki kikweli amekwisha kumwacha asubuhi, wala hakukungoja wewe."

Wakamzika. Kesho yake Raihani akarudi na sururu yake, kwa kuwa Sukaina alikuwa bado yumo nyumbani mle. Alasiri akamwita binti aonje. Sukaina akaokota donge, akalileta karibu na kinywa, kisha akalishusha.

"Ngoja kwanza, baba, nifute uso. Hivi nilivyo siwezi kujua chumvi ni ya udongo au ni ya machozi."

Baba yake akamfuta kwa upindo wa kanzu, akangoja. Ndipo akaonja.

"Mtamu."

Raihani akaenda akaapa, na Sukaina akaandikiwa uhuru wake siku ileile.

Enyi ndugu, wako wanaouliza malipo ya Raihani yalikuwa wapi. Mimi sijui, na anayedai anajua namwogopa. Ninachojua ni kwamba sisi twaapa sokoni, "Wallahi," kwa ajili ya kibaba cha unga. Yeye aliombwa kiapo kimoja, bei yake ni mkewe, na kiapo hakukiuza. Mwenyezi Mungu amrehemu, amrehemu na Lulua, aliyelipa zaidi kuliko yeye.