Mwana Mize na Kimo cha Jini Ghuramu

Sogea hapa karibu, weka hicho kikombe chini, na kabla sijafungua mdomo niapie, tena uape kwa macho yako yote mawili, kwamba haya hayatavuka kizingiti cha mlango huu, kwa sababu majini nao wana masikio, na huyu ninayetaka kumsema hapendi kabisa mtu kumtaja kimo chake. Umeapa? Haya, twende.

Alikuwako sultani katika mji wa Zaharani, jina lake Mahfudhi bin Jabu, mwenye majumba na mabustani na farasi wa kila rangi, na tumbo lake likitangulia kuingia mlangoni kisha ndipo yeye mwenyewe afuate, kheee, na sultani huyo alikuwa na binti mmoja tu, Mwana Mize, aliyeposwa na Badawi, mtoto wa tajiri wa hariri, na harusi imekwisha pangwa, na nguo zimekwisha shonwa, na wanawake wa mjini wamekwisha gombana nani atakaa mbele.

Ndipo akatokea Jini Ghuramu.

Nje ya lango la magharibi kulikuwa na uwanda wa chumvi, mweupe, tambarare kama sinia, na kila Ijumaa mchana ukianza kuinama jini huyo alichomoza katikati yake, mweusi tii, uso hana, macho tu, na kivuli chake kikaanguka kuelekea mjini. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu. Jini mwenyewe hakumgusa mtu. Kivuli ndicho kilichokula. Mbuzi akiguswa na kile kivuli humwoni tena, wala husikii mlio, ila ukichungulia ndani ya ule weusi unamwona yuko chini kule, kama aliyezama kisimani, anapanua mdomo na sauti haitoki.

Jini akanena, na madirisha ya mji mzima yakatetemeka, akasema, "Ee Mahfudhi bin Jabu, nimekula yamini mbele ya wakubwa zangu, na kiapo changu ni hiki. Kila Ijumaa niletee mtu mmoja aje aseme kimo changu. Akisema kweli nitakuwa mtumwa wake maisha yangu yote. Akikosea ni wangu. Na usipoleta mtu sina haja ya kuvunja ukuta wako. Nitasimama papa hapa, jua lishuke, na kivuli changu kirefuke chenyewe, kiingie mjini nyumba kwa nyumba."

Basi watu wakapelekwa kwa kura. Nani awezaye kumpima jini? Kumparamia huwezi, kumkaribia huthubutu. Wakawa wanabahatisha tu, huyu anasema thelathini, yule anasema mia, na kivuli kinawakunja mmoja mmoja kama mikeka, na jini anakwenda zake mpaka Ijumaa nyingine.

Badawi akaja kwa Mwana Mize anacheka. "Acha kulia, Mize. Huyu jini leo nimempata."

"Umempataje?"

"Chuoni tulifundishwa nini? Alasiri inaingia pale kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na kitu chenyewe. Nitangoja adhana, nikipime kivuli chake kwa kando, na hapo nimempima na yeye."

"Una hakika, Badawi?"

"Nilipima kwa fimbo yangu mwenyewe, mwaka ule, kaskazi imeshika. Haikukosea hata unywele."

Akaenda, kijana mzuri, kanzu yake nyeupe juu ya chumvi nyeupe, na Mwana Mize yuko juu ya dari, lile paa tambarare la jumba, anamtazama. Adhana ikalia. Badawi akatembea kandokando ya kivuli na kamba yake ya dhiraa, kila fundo kiwiko mpaka ncha ya kidole, akafika mwisho, akageuka, akasema kwa sauti, "Kimo chako ni dhiraa sitini."

Jini akainama taratibu, kama mtu anayetaka kumwokota mdudu. "Bwana harusi," akasema, "umesoma. Ila umesoma nusu."

Na kivuli kikamvuta miguuni.

Na kura ilipopigwa ya Ijumaa iliyofuata ikaangukia wapi? Jumba la sultani. Sultani Mahfudhi akataka kumvisha mjakazi nguo za bintiye ampeleke, na Mwana Mize akapiga magoti akasema, "Baba yangu, Maulana wangu, ukimtoa mtoto wa mwenzio badala yangu, mimi nitabaki hai na uso wa kukutazama sitakuwa nao. Niache niende." Mzee akalia mpaka ndevu zikalowa.

Lakini lile neno la jini lilikuwa linamkereketa. Umesoma nusu. Nusu ipi? Akapanda darini pamoja na yaya wake, Bi Chubwi, mwanamke mnene, mdomo wake hauna breki, na adhana ya alasiri ilipolia Mwana Mize akasimama wima juani akasema, "Bi Chubwi, tia alama ya chokaa hapo kivuli changu kinapoishia."

"Bibi, watu wanangoja kufa wewe unacheza kivuli?"

"Tia tu."

Kisha akajilaza chali juu ya kivuli chake mwenyewe, nyayo pale alipokuwa amesimama, na Bi Chubwi akaguna, kwa sababu kichwa cha binti kiliishia huku na chokaa iko kule mbali.

"Kimekuzidi," akasema Bi Chubwi. "Kimekuzidi nusu nzima ya wewe. Ama umefupika kwa huzuni."

Mwana Mize akaketi, maana alikwisha elewa. Kaskazi, jua linapokaa utosini, mchana kivuli hakionekani, umekikanyaga chote. Lakini wakati ule kilikuwa kipupwe, jua limekwenda upande, na hata adhuhuri kamili mtu ana kivuli, na waadhini hukiongeza kile cha adhuhuri juu ya urefu wa kitu ndipo huadhini alasiri. Badawi alichukua kanuni ya kaskazi akaenda nayo kipupwe. Kivuli cha jini kilikuwa yeye na nusu yake. Kigawe mafungu matatu, jini mwenyewe ni mawili. Sitini ile ilikuwa arobaini.

Ijumaa ikafika, na Bi Chubwi alimsindikiza mpaka langoni, akamshika mkono hataki kuuachia. "Mwanangu," akamwambia, "kama utakosea, kosea haraka, usinitese hapa." Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya, meno yanagongana.

Mwana Mize akatoka peke yake. Chumvi inalia chini ya viatu, na baridi inatoka kwenye kile kivuli kama mlango wa kaburi uliofunguliwa, na yeye anatembea kandokando yake na kamba, hatazami pembeni, lakini jicho lina ujinga wake, likatazama. Akawaona. Wote wamo mle chini, nyuso juu, na Badawi naye yumo, kiganja amekibandika kama mtu aliye nyuma ya kioo, anamtikisia kichwa, rudi, rudi.

Adhana ikalia. Kamba ikasema tisini, maana leo jini alikuja mrefu kuliko Ijumaa ile, na mafungu mawili katika matatu ya tisini ni sitini. Akasema, "Ewe Ghuramu, kimo chako ni dhiraa sitini."

Na macho ya jini yakapepesa, mwanangu, kwa mara ya kwanza.

"Zilikuwa," akasema. Akajinyoosha. Hivi, juu, juu, mpaka shingo inakuuma kumtazama, na kivuli kikaruka mbele kwa kishindo cha upepo, kikapiga ukuta wa mji, na watu juu ya ukuta wakaangukiana wakikimbia, na ukingo wa ule weusi ukasimama shibiri moja kutoka kidole cha mguu cha Mwana Mize. "Sema sasa, binti sultani. Pima tena, mimi nina subira. Au tuzungumze kidogo. Mahari yako ilikuwa kiasi gani?"

Naye akaanza kumjibu, adabu tu za kufundishwa, mpaka akatazama chini. Kivuli chake mwenyewe kilikuwa kinatambaa. Jua linashuka. Kumbe jini anamzungumzisha ili ile hesabu ya mafungu matatu kwa mawili nayo iharibike, na kila neno analojibu linamsogeza kaburini. Kupima tena hawezi, ncha imekwisha panda ukutani. Mwanamke akabaki hana kamba, hana idadi, hana kitu, ana mwili wake tu umesimama juani.

Akasimama wima sawasawa. "Ghuramu," akasema, na sauti ikamtoka ndogo, "jua lililokupiga wewe ndilo lililonipiga mimi, na linatupiga kwa mteremko mmoja. Refuka utakavyo, fupika utakavyo, na jua lishuke litakavyo. Kimo chako kwa kivuli chako ni kama kimo changu kwa kivuli changu, saa hii na kila saa. Hicho ndicho kimo chako. Kitoroke."

Jini akajikuza, na neno likawa kweli. Akajipunguza mpaka akawa kama mnara, kama mlango, kama paka, na neno bado ni kweli. Basi yamini ikamshika, miguu ikadidimia kwenye chumvi, na kivuli kikapasuka kama ngozi ya ngoma, wakatoka watu, wakatoka na mbuzi, na Badawi akatoka wa mwisho, baridi kama samaki, akamwangukia Mwana Mize miguuni.

Harusi ikafanywa siku saba, na jini akatumwa kuleta lulu na dhahabu na mawe ya rangi mpaka sultani akakosa pa kuketi, ingawa wanasema Badawi mpaka uzeeni hakukaa chini ya mti hata jua liwe kali vipi, na mkewe akimcheka, naye akikubali kuchekwa.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akijikuza mbele yako mpaka ukaogopa, usishindane naye kwa urefu, simama naye juani mtazamwe pamoja. Na ulichofundishwa, uliza kilifundishwa msimu gani. Haya yote nimehadithiwa na shangazi yangu Bi Mwanakheri, mke wa pili wa Mzee Faki fundi saa, siku tulipokuwa tukichambua mchele wa hitima.