Mtungi wa Bi Tumu

"Nyumba huanzia kisimani." Mmemsikia fundi akimwambia hivyo jirani yetu, mwenye haraka ya kuezeka, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza kaitoa wapi. Methali hii ilianza hivi.

Shungwi ilikuwa nchi ndogo. Ndogo hasa: ukikaanga samaki mashariki, watu wa magharibi wanameza mate. Mwaka mmoja karafuu zikapata bei nzuri, serikali ikaamua kuwatoa watu wa Bondeni kwenye vibanda vyao vilivyojaa maji kila masika, wahamie nyumba za mawe juu Kilimani. Wazo zuri, nani angelikataa? Lakini fedha za nchi ndogo ni shuka fupi. Ukifunika kichwa, miguu iko nje. Waziri Khatibu akachagua kichwa. Bati linaonekana na kila meli inayoingia, alisema. Bomba limezikwa ardhini, nani analiona? Maji na barabara vitafuata.

Bi Tumu, mkongwe wa Bondeni, ndiye aliyechaguliwa kufungua nyumba ya kwanza. Alifurahi, asiseme mtu kwamba hakufurahi. Raya, mke wa mwanawe, alikuwa mja mzito, siku zake zimewadia, na masika yaliyopita kitanda chao kilikuwa kimeelea. Bi Tumu alitaka mjukuu wake azaliwe pakavu. Lakini alijua pia kwamba wakishahama tu, Bondeni itabomolewa na kisima chake kitafukiwa.

Na mila ya Shungwi ni hii: nyumba mpya haiingiliwi mpaka bibi wa nyumba aoshe kizingiti kwa mtungi mzima wa maji aliyoyateka mwenyewe. Ukipungua hata kata moja, haufai.

Siku ya sherehe watu wakapanda Kilimani. Waziri naye alipanda kwa miguu, kwa kuwa gari lake lilishindwa na mawe. Hotuba ikaisha, wakamngoja Bi Tumu. Wakangoja mpaka jua likawa utosini. Masufuria ya pilau yalikuwa makavu, wapishi wamekaa wanatazamana. Kumbe bibi wa watu ameteremka Bondeni kuteka maji, na sasa anaupanda mlima na mtungi kichwani.

Alipofika aliutua mtungi kizingitini. Waziri alimwendea mbio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipe maji kidogo, koo limenikauka."

Bi Tumu aliutazama mtungi, akamtazama Waziri. Mgeni hanyimwi maji. Hiyo nayo ni mila. "Haya ni ya kizingiti, mwanangu. Ukinywa, nyumba haifunguki leo."

"Si utateka mengine?"

"Wapi?"

Waziri akageuka huku na huku, kisha akaonyesha bondeni. "Kule."

"Kule mnakufukia kesho. Na mkamwana wangu anajifungua wiki hii. Mtoto tutamwogesha kwa nini, kwa hotuba?"

Watu walitaka kucheka, wakaona haya. Bi Tumu akachota kata moja, akampa. Waziri aliishika, akakitazama kizingiti kikavu. Lakini kiu haijui cheo. Akanywa hadi tone la mwisho.

"Ahsante, bibi."

"Karibu, mwanangu." Kisha akawageukia watu wake. "Twendeni zetu. Nyumba huanzia kisimani. Hii bado haijaanza."

Wakateremka wote, Waziri akabaki na mabati yake yanayong'aa. Mjukuu alizaliwa Bondeni, kwenye unyevu uleule, na Bi Tumu alilia kwa hilo, tusifiche. Lakini kubomoa hakukuwezekana, maana hakuna aliyekubali kuhama. Fedha za mavuno yaliyofuata zikaenda kuchimba kisima kwenye mwamba wa Kilimani na kutengeneza barabara, na bati halikuongezwa hata moja.

Siku maji yalipotoka, Bi Tumu aliyateka mwenyewe, pale pale mlangoni. Nyuma yake alifuata mjukuu, anatembea tayari, ameshika kata kwa mikono miwili. Waziri Khatibu naye alikuwapo, jasho linamtiririka. Bi Tumu alimwona, akautua mtungi, akamnyooshea kata.

"Kunywa, mwanangu."

Waziri akatikisa kichwa. "Kizingiti kwanza, bibi. Nyumba huanzia kisimani."