Mwinjilisti Lwitiko Achagua Pikipiki

Bwana asifiwe, wapendwa. Hii naituma kama nilivyoipokea. Isomeni polepole, hasa ninyi mnaotafuta chombo cha kuendea mwaka huu.

Huko nyanda za juu kusini, ambako baridi humfanya mtu avae koti hata akienda kuchimba viazi, palikuwa na mwinjilisti aitwaye Lwitiko. Alikuwa mtu wa sala, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwili wenyewe ulikuwa mfupi. Akisimama nyuma ya mimbari, wageni walidhani mimbari inahubiri yenyewe.

Lwitiko ndiye aliyewalea waumini wa kijiji cha Lugendele, ng'ambo ya mlima. Aliwaanzisha kwa mikono yake, na ibada ya kwanza waliifanyia ndani ya ghala la viazi. Lakini kufika kule kwa miguu ilikuwa kazi ya kutwa nzima, kwa hiyo alifika kwa nadra. Watu wa Lugendele wakapeleka malalamiko kwa Mchungaji Luvanda, mkuu wa usharika, kwamba wanazikana wenyewe na wagonjwa wao hawaombewi.

Mchungaji akamwita Lwitiko. Akamweleza kwamba usharika umeamua kumpatia pikipiki, na muuzaji wa mjini amekubali kuwaazima mbili, kila moja kwa wiki moja, achague inayomfaa. Baada ya hapo utafanyika mkutano. Watu wa Lugendele wataulizwa mbele ya wote kama sasa wana wa kuwatunza. Wakisema hawana, kijiji chao kitahamishiwa mtaa wa jirani, chini ya mwinjilisti mwingine.

Lwitiko alihisi kama ameambiwa mtoto wake anapelekwa kulelewa kwa baba wa kambo. Akatoka pale ameapa moyoni kwamba Lugendele haiendi popote.

Muuzaji alizileta pikipiki zote mbili kwa gari la viazi. Moja ilikuwa fupi, nzito, yenye kiti kirefu na keria pana nyuma. Akasema hiyo ni ya mtu anayekwenda taratibu barabarani, anapakia abiria na gunia, anasimama kila baada ya nyumba mbili. Nyingine ilikuwa ndefu, nyembamba kiunoni, tairi zake zina meno, na chini yake kuku angepita bila kuinamisha kichwa. Hiyo, alisema, ni ya mtu anayepanda milima, anayeruka mitaro na kuendesha amesimama.

Kisha akauliza swali moja tu. "Mwinjilisti, wewe ni mwendeshaji wa namna gani?"

Ukweli ni kwamba Lwitiko alikuwa mwendeshaji wa baiskeli ya kuazima. Pikipiki alifundishwa na shemeji yake kwenye uwanja wa mpira, akizunguka goli. Lakini wanakwaya walikuwa wamesimama pale wanasikiliza.

"Mimi ni wa milimani," akasema.

Wiki ya kwanza alipewa ile fupi. Barabarani ilikwenda vizuri kama ng'ombe aliyezoea jembe. Ilipofika kwenye kilima cha Lugendele, na mvua zenyewe ndizo zile za masika, ikagoma. Tairi lilizunguka bila kwenda mbele, likamrushia tope mpaka kwenye nyusi. Siku ya kwanza alirudi. Siku ya pili alirudi. Siku moja alifanikiwa kufika, lakini kwa kuisukuma, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Wiki ikaisha hivyo.

Wiki ya pili ikaja zamu ya ile ndefu. Mke wake, Tusekile, alitoka nje anafuta mikono kwenye kanga, akaizunguka, akamtazama mumewe kuanzia kiunoni kushuka chini.

"Baba Ipyana, hii umeipima kwa macho au kwa miguu?"

"Nimeipima kwa imani, mama."

"Basi imani ishuke kwanza ikushikie, maana mimi naona vidole vinaning'inia."

Lwitiko aliisogeza hadi kwenye ngazi ya kanisa, akapanda kutoka pale, akaondoka. Na kweli, ile ndefu ilikipanda kilima cha Lugendele kama mbuzi. Kabla chai ya asubuhi haijapoa tumboni alikuwa juu, anaimba pambio.

Tatizo lilianza kwenye kusimama.

Ni lazima mjue desturi ya Lugendele. Kule mtu mzima hasalimiwi kutoka juu ya chombo. Hata mwenye baiskeli hushuka, husimama chini, husema kamwene, salamu ya kule, huuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, mpaka za viazi ghalani. Kumsalimia mzee ukiwa umekaa juu ni sawa na kumsalimia umempa kisogo.

Lwitiko aliijua desturi hiyo vizuri. Akasimama mlangoni kwa Mzee Ngailo, mzee wa kanisa, ili ashuke. Akanyoosha mguu wa kulia, haukuona ardhi. Akanyoosha wa kushoto, nao haukuona. Pikipiki ikafikiri kidogo, kisha ikalala upande, yeye pamoja nayo, katikati ya bustani ya njegere ya mke wa mzee.

Walimwinua, wakampa pole, wakauliza kulikoni. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kusema. Akasema ni utelezi.

Tangu hapo akaogopa kusimama mahali pa tambarare. Na Lugendele, ukishakimaliza kile kilima, kote ni tambarare kama meza. Akawa anapita nyumba kwa nyumba bila kusimama, anapunga mkono, anapaza sauti, "Bwana asifiwe," na kabla mtu hajaitikia amina, yeye ameshakuwa nyumba ya tatu. Aliuliza hali ya mgonjwa akiwa anakuja, akapata jibu akiwa ameshakwenda.

Palikuwa na sehemu moja tu yenye kibaraza kirefu cha udongo, kilichoinuliwa ili maji ya mvua yasiingie ndani. Mguu wake ulifika pale bila shida. Sehemu hiyo ilikuwa kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, cha Mama Lutengano.

Nadhani mmeshaelewa.

Kila siku Lwitiko alipita nyumba zote za waumini kama upepo, kisha akaenda kusimama kilabuni. Alikuwa hana budi. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na ilikuwa lazima apumzike kabla ya kuteremka mlima. Wanywaji walimkaribisha vizuri sana. Walimshikia pikipiki, wakamwachia nafasi kwenye benchi. Yeye alikataa kikombe, akasema neno fupi la Mungu, akaomba, nao wakamwinua tena juu ya kiti kama mwali anayepandishwa kwenye gari. Angeweza kuiacha pikipiki pale atembee nyumba kwa nyumba kwa miguu. Lakini aliwaza, pikipiki ya kanisa ikionekana kilabuni bila mwenyewe, watu watauliza mwenyewe amelala chumba gani.

Mara kadhaa alitaka kumwambia Mzee Ngailo ukweli. Kila alipokaribia, alikumbuka alivyojisifu kuwa ni wa milimani, na resi ikakolea yenyewe.

Siku ya mkutano, kanisa lilijaa. Watu wa Lugendele walikuja wengi, wakakaa upande mmoja kama watu waliokuja kwenye kesi. Hata Mama Lutengano alikuja, akakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Lwitiko alikaa mbele, ameshika Biblia kwa mikono miwili.

Mchungaji Luvanda akaomba, kisha akauliza watu wa Lugendele kama wanaye wa kuwatunza.

Mzee Ngailo akasimama, akavua kofia.

"Mchungaji, wiki ya kwanza Mwinjilisti tulimwona mara moja, amejaa tope mpaka usoni, na tulifurahi. Wiki ya pili tumemwona kila siku, na hatujafurahi hata siku moja."

Mchungaji akataka maelezo. Mzee akaeleza kwamba Mwinjilisti anawapita, anawapungia mkono kama anayefukuza nzi. Bibi mmoja alimwandalia viti kila asubuhi, na kila asubuhi viti vikarudi ndani vikiwa vya baridi. Akatazama paa, kisha akasema kwamba anakaa mahali pamoja tu.

"Wapi?" akauliza Mchungaji.

"Kwa Mama Lutengano."

Kanisa likavuma kama mzinga uliopigwa teke. Kule nyuma Mama Lutengano akasimama, akasema kwa heshima kwamba mtumishi wa Mungu hajawahi kuonja hata tone. Lakini ni nani atamwamini mwenye kilabu anapomtetea mteja?

Tusekile aliinamisha kichwa. Yeye alijua, na alikuwa anasubiri mumewe aseme.

Mchungaji Luvanda alikuwa mtu wa huruma. Aliona mwenzake anazama, akamrushia kamba.

"Mwinjilisti," akasema, "labda ulikwenda kuwatafuta waliopotea. Labda uliitwa na Roho kuwahubiria walevi. Ni hivyo?"

Ndugu zangu, hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuwa. Jibu lilikuwa tayari, limevalishwa suti na tai. Angesema ndiyo, angetoka pale shujaa wa imani, na Lugendele ingebaki yake. Na wala usingekuwa uongo mtupu, maana kuhubiri alihubiri. Lwitiko alifungua kinywa. "Ndi," ikafika mpaka kwenye meno.

Akafunga kinywa. Akaweka Biblia kwenye kiti. Akasimama.

"Mchungaji, nisimsingizie Roho Mtakatifu," akasema. "Miguu yangu haifiki chini."

Watu hawakuelewa. Ikabidi aeleze yote, moja baada ya jingine: goli la mpira, ngazi ya kanisa, bustani ya njegere ambayo haikuwa na utelezi wowote, na kibaraza cha Mama Lutengano. Akasema alidanganya siku ile ya kwanza kwa sababu aliona aibu kuwa mfupi mbele ya kwaya. Akaomba msamaha. Akamalizia kwa kusema kwamba kama Lugendele inataka kwenda kwa mwingine, yeye hatazuia, ila angeomba apite kwanza kuaga, kwa miguu.

Mama mmoja wa kwaya akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji mwenyewe aligeukia ukuta. Lwitiko alisimama anacheka na kulia kwa pamoja, hajui lipi lilitangulia.

Kilipotulia, Mzee Ngailo alikuwa bado amesimama, naye hakucheka.

"Mwinjilisti, umetukosea."

"Najua, mzee. Niliwapita."

"Siyo kwa kutupita. Umetuacha tukuwaze mabaya wiki nzima, na majembe tunayo."

Lwitiko hakuelewa majembe yameingiaje. Mchungaji naye, akidhani mambo yameisha, akasema basi ni wazi ichukuliwe ile fupi, hata kama kilima kitasumbua. Vichwa vingi vikaitikia. Lwitiko mwenyewe alikuwa ameshakubali.

"Hapana," akasema Mzee Ngailo. "Ile fupi inajua kusimama, lakini haifiki. Chukueni ndefu. Kufika ni kazi yake. Kushuka tuachieni sisi."

Akawageukia watu wake, wakasemezana kidogo kwa kilugha chao, kisha wakakaa. Walipoulizwa tena kama wanaye wa kuwatunza, walisema wanaye, ila mfupi.

Kesho yake Lugendele ilipiga msaragambo, ile kazi ya wote bila ujira. Walichimba udongo, wakaushindilia kwa miguu, na kabla ya wiki kuisha kila mlango ulikuwa na tuta moja lililosawazishwa juu, urefu wa goti. Wapo waliolipandia majani. Wapo waliolipaka chokaa ili liwe zuri kuliko la jirani. Hata waliokuwa hawasali walitengeneza, wakisema huwezi kujua.

Kwa hiyo Lwitiko akapata shida mpya. Hakuna nyumba aliyoweza kuipita tena. Alisimama tuta kwa tuta, akashuka, akasema kamwene, akauliza habari za viazi, akaombea wagonjwa, akanywa uji. Akirudi nyumbani jioni Tusekile alimuuliza kama pikipiki ni nzima, maana kwa mwendo ule hata konokono wangempigia honi.

Miezi ilipita. Siku moja Mkuu wa Jimbo la kanisa akaja Lugendele kwa mara ya kwanza. Alitembea kijijini na kushangaa, kila mlango una kilima kidogo kilichotunzwa. Moyo wake ukafadhaika. Akamsogelea bibi mmoja aliyekuwa anamenya viazi, akavua kofia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama hayo ni makaburi ya watoto.

Bibi akacheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Siyo makaburi, baba. Huo ni mguu wa Mwinjilisti. Kila nyumba ina wa kwake."

Funzo: Upungufu unaouficha huwapa watu kazi ya kukudhania mabaya, bali ukiutaja kwa unyenyekevu, unawapa nafasi ya kukusaidia. Kabla hujachagua chombo, kazi au mwenzi, sema ukweli kwanza kuhusu miguu yako, mbele za Mungu na mbele za watu.