Kwa Nini Kuku Hamlishi Kifaranga Kinywani

Kaeni basi, lakini msinikatize. Hadithi hii haina mahali pa kucheka. Anayetaka kucheka aende kwa shangazi yenu, yeye anazo za sungura.

Kulikuwa na wakati kuku aliwalisha wanawe kinywani, kama njiwa wafanyavyo hadi leo. Kifaranga hakujua kudonoa. Alifumba macho, akapanua mdomo, akangoja. Kilichoingia alikimeza, maana kilitoka kwa mama, na cha mama hakiulizwi.

Wakati huo kuku hakuwa wa mtu. Aliishi vichakani na kutaga vichakani, mpaka alipopatana na mkulima mmoja wa mtama, mwanamke aliyeitwa Kalunde. Mapatano yao yalikuwa mafupi. Kuku angetaga uani kwa Kalunde, baadhi ya mayai yaliwe nyumbani na mengine aachiwe ayaatamie. Kalunde naye angemchanganyia chakula kila asubuhi, na kabla ya kumpa angeonja mwenyewe, Kuku akiona. Hilo la kuonja alilidai Kuku. Hakuwa mjinga, msidhani.

Na Kalunde alijua kuchanganya. Aliweka ungo chini, akamimina konzi nne za chenga za mtama, konzi mbili za pumba, konzi moja ya dagaa waliotwangwa, na majivu kidogo ili maganda ya mayai yawe magumu. Alikoroga kwa vidole kutoka pembeni kwenda katikati, mpaka usiweze kusema pumba ziko wapi na chenga ziko wapi. Kisha alichota kidogo kwa vidole vitatu, akatia kinywani, akatafuna.

"Nimeonja, mwenzangu," alisema. "Njoo ule."

Kuku akaja na wanawe. Miaka ikaenda hivyo, na hakuna aliyemdhulumu mwenziwe.

Kisha kukaja mwaka mbaya. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ikapenya paa la kihenge cha Kalunde, halafu ikakatika moja kwa moja. Mimea ikaungua shambani. Kalunde alipochota mtama wa chini kihengeni, aliukuta umeshikamana mabonge, una kuvu la kijani, unanuka. Mtama mzuri uliobaki ulikuwa ule wa mbegu tu, ndani ya kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko. Huo hakutaka kuugusa.

Angeweza kumwambia Kuku, "Mwenzangu, sina." Neno "sina" halijamuua mtu. Lakini aliogopa. Kuku angerudi vichakani, na mayai ndiyo yaliyokuwa mboga pekee iliyobaki nyumbani mwake. Mkono mtupu haulambwi, alijiambia. Akauanika ule mtama mbovu juani, akausugua kwa viganja mpaka ukijani ukapungua, akautwanga. Asubuhi aliutia kwenye ungo pamoja na pumba, na dagaa akaongeza konzi mbili badala ya moja, ili harufu yao ifunike ile nyingine. Akakoroga vizuri kama siku zote. Alikoroga vizuri mno, ole wake.

Kuku alisimama akitazama. Kalunde akapeleka vidole vitatu kinywani. Vilikuwa vitupu. Akavilamba, akatafuna hewa.

"Nimeonja, mwenzangu. Njoo ule."

Kuku alikuwa na watoto kumi na mmoja, na siku mbili hizo walikuwa wamelala na njaa. Aliposikia harufu ya dagaa, alifurahi hata akasahau tumbo lake. Alichota, akamtia wa kwanza kinywani. Akachota, akamtia wa pili. Wa kumi na mmoja aliposhiba, alirudi kwa wa kwanza, akazunguka tena. Ungo ukaisha. Yeye hakubakiza hata punje moja kwa ajili yake, na hiyo ndiyo sababu aliishi. Mapenzi yake ndiyo yaliyomwacha hai, na sijui kama kuna adhabu inayozidi hiyo.

Jua lilipofika utosini, mabawa ya watoto yalilegea. Wakayumba, wakakaa, wakalaza shingo mchangani. Kuku akadhani ni njaa. Akamkimbilia Kalunde.

"Niongeze kidogo, mwenzangu. Hawajashiba, wanalegea."

Kalunde alitazama uani, akaona. Alipanda juu ya kinu, akakifungua kile kibuyu cha mbegu. Akamwaga mtama wote kwenye ungo, mweupe na mkavu. Akaonja, safari hii kwelikweli, akatafuna machozi yakimtoka. Kuku akachota, akampelekea wa kwanza. Mdomo haukufunguka. Akampelekea wa pili, punje ikateleza shavuni ikaanguka. Alimfikia kila mmoja. Punje kumi na moja zilianguka mchangani.

Kuku alizitazama zile punje.

"Mtama huu ulikuwapo asubuhi?"

"Ulikuwapo."

"Na ule wa asubuhi, uliuonja?"

"Sikuuonja. Nisamehe, mwenzangu. Niliogopa utaondoka."

Mngedhani Kuku angemrukia macho. Angemrukia, ningefurahi. Alisema tu, "Wewe ulichanganya. Aliyewatia kinywani ni mimi." Akakaa juu ya wanawe, akawafunika kwa mabawa, kana kwamba ni mayai tena.

Wala hakuondoka. Angekwenda wapi? Vichaka vilikuwa vimekauka, na mwewe walikuwa na njaa kama watu. Alibaki kwenye ua uleule, kwa mkono uleule, na mvua ziliporudi akaatamia tena.

Na tangu siku hiyo kuku hamtii kifaranga chakula kinywani. Mkimsikia akiita ko-ko-ko, mtazameni. Anaokota punje, anaidondosha. Anaiokota tena, anaidondosha. Watu husema anawafundisha watoto kula. Hafundishi. Punje ikimfika mdomoni, anakumbuka, anaiachia. Anawaomba waitazame kwanza, kila mmoja kwa jicho lake. Nao hawaitazami. Huja mbio, wakapigana vikumbo, wakameza chochote tulichowachanganyia.

Mjukuu wangu Nyanzala ameniuliza kama mimi huonja ninapokoroga. Nitamjibu, maana nimekwisha kuzeeka mno kudanganya watoto. Mwaka ule baba yenu alipokuwa mgonjwa, na sikuwa na cha kumpa isipokuwa mayai, nililamba vidole mbele ya kuku wangu. Vilikuwa vitupu.